Mlango Uliofungwa kwa Vidole Viwili

Mwezi uliopita nilirudi Bukavu, rafiki yangu, na neno la kwanza nililopewa na mji ule lilikuwa amri ya kupiga mlango. Nilikuwa nimepanda teksi, moja ya yale magari ya Kijapani yenye usukani upande usio wetu, na mlango wa nyuma ulikuwa umeshuka kwenye bawaba zake hata ukabaki wazi kwa upana wa kiganja. Dereva, kijana wa miaka ishirini na kitu, alinitazama kwenye kioo akasema kwa heshima zote, "Maman, piga mulango na nguvu. Polepole haikubalake."

Mkono wangu ulikataa. Niliushika mlango kwa chini, nikauinua upana wa ukucha tu, kisha nikausukuma kwa vidole viwili. Ukaingia mahali pake. Kijana aligeuka mwili mzima akataka kujua nani alinifunza vile. Nikamwambia Papa alikuwa tôlier, fundi wa kunyoosha bati za magari, na katika gari zima kitu alichokijua kuliko vyote ni milango. Akafurahi, akauliza anakaa mtaa gani ili ampelekee gari lake. Nikamjibu kwamba amelala Nyangezi, kwenye shamba la wazee wake, miaka kumi na mmoja sasa. Akanipa pole, akaongeza sauti ya redio.

Redio hiyo sikuisikia. Nilikuwa nimekwisha kurudi kwenye gari jingine, la zamani sana, na jambo ambalo sijamsimulia mtu yeyote isipokuwa wewe leo.

Enzi hizo nchi iliitwa Zaïre na sisi tuliishi Kadutu, kwenye nyumba ya matofali iliyoshikilia mlima kama mbuzi. Njia ya kufika kwetu ilikuwa ya mguu, na mvua ikinyesha ilikuwa ya matako. Asubuhi uliamshwa na harufu ya mkaa na majani ya mikaratusi, na sauti ya wanawake wakishuka sokoni na sambaza wabichi, wale dagaa wa ziwani, kwenye mabeseni. Papa alitoka saa kumi na mbili, akishuka mlima mzima kwenda Ibanda, kwenye gereji ya Mugiriki. Mimi nilisoma kwa masista asubuhi, na adhuhuri kazi yangu ilikuwa moja: kumpelekea Papa chakula. Bugali uliofungwa kwenye kitambaa, sombe ya majani ya muhogo, siku nyingine maharagwe, siku njema samaki. Nilijifunza kushuka ule mlima bila kumwaga mchuzi, na mpaka leo naweza kubeba sahani iliyojaa ndani ya basi.

Gereji ile niliipenda kuliko kanisa, Mungu anisamehe. Ilinukia rangi na kabidi ya kuchomelea, na sauti zake zilikuwa na mpangilio. Nyundo ya chuma ilikuwa na sauti yake, nyundo ya mbao yake, na nyundo ya Papa niliitambua nikiwa bado barabarani, maana alipiga kidogo, akanyamaza, akapapasa bati kwa kiganja, akapiga tena. Wenzake walimcheka kwamba anabembeleza. Papa alikuwa mtu wa maneno machache, na watoto wake tulijifunza kuyaokota yakidondoka.

Sasa, pale ndani, kwenye kona isiyovuja, lilikaa gari la Mugiriki mwenyewe. Gari la mashindano la watu wawili tu, rangi ya kijani iliyokolea, pua ndefu, paa la turubai. Alilinunua akiwa kijana, likaja kwa meli na kisha kwa lori, na barabara zetu zikalifanya zilivyotaka. Milango yake ilikuwa mirefu na mizito, bawaba zimelika, hivyo kila mlango ukifunguliwa ulishuka, na ulimi wa kitasa haukukutana tena na kile chuma cha kwenye nguzo kinachoupokea, ambacho mafundi wanakiita gashi. Juu ya hayo, mpira wa kuzuia mvua ulioza, na Mugiriki akaweka mwingine mnene uliotoka kwenye lori. Basi kulifunga gari lile ilikuwa vita. Ulirudi hatua moja nyuma, ukautupa mlango kwa nguvu zako zote, na ukasikia mlio kama wa bunduki. Mugiriki kila alipoupiga aliupapasa, kama mtu anayeomba radhi. Kila mwaka mpya alimwambia Papa kwamba safari hii vipuri vitatoka Ulaya na watairekebisha ile milango. Vipuri havikutoka.

Kilichotoka ni tangazo la redio. Biashara za wageni zirudi mikononi mwa wananchi. Watu walicheza barabarani, nasi shuleni tulicheza pia, maana kila asubuhi kabla ya masomo tulilazimika kuimba na kukata kiuno kwa ajili ya chama, na siku hiyo tulikata zaidi. Mimi nilikuwa nimekwisha kunyang'anywa jina langu la ubatizo nikapewa la mababu, kwa hiyo nilifikiri kila mtu sasa anapewa kitu kipya. Waliopewa mali waliitwa acquéreurs. Mugiriki alitoka na masanduku mawili. Aliwaaga mafundi mmoja mmoja, na alipofika kwa Papa alisema maneno mawili tu, "Milango yangu." Papa akamwambia atatengeneza. Ilikuwa ahadi ya kijinga kwa mtu asiyerudi, lakini Papa hakuwa na ahadi za aina nyingine.

Aliyepewa gereji tulimjua vizuri. Alikuwa jirani yetu, nyumba yake chini ya yetu, hata maji ya kuoshea vyombo tukiyamwaga vibaya yalimfikia. Karani wa ofisi, na parokiani aliimba sauti ya nne pamoja na Papa, benchi moja. Sijui alimwimbia nani mwingine mpaka akapewa gereji, jumba la Mugiriki kwenye rasi, na lile gari la kijani. Nyundo moja na nyingine hakuweza kuzitofautisha. Alishona abacost tatu, zile suti za chama zisizo na tai, akahamia kando ya ziwa, na kuanzia siku hiyo kila mtu alimwita Citoyen, kana kwamba sisi wengine tulikuwa raia wa nchi nyingine.

Ila Jumapili alipanda kwetu. Ibanda kulikuwa na makanisa, tena mazuri, lakini huko nani alimjua alipotoka? Alipanda mpaka Kadutu, akaegesha mbele ya parokia misa ikiwa imeanza, na hapo tulisikia: pa! mlango wake, halafu pa! mlango wa mke wake. Vichwa vyote viligeuka. Padri mwenyewe alisubiri kidogo. Na usifikiri ni yeye peke yake. Huko kwetu miaka hiyo mlango wa gari ulikuwa kengele ya mkubwa. Mwenye gari hakushuka kimya, angeonekana ameazima. Mtaa mzima ulijua kwa masikio nani amerudi kazini, na watoto tulishindana kutambua: ule wa daktari, ule wa komisa, ule wa Citoyen. Wa Citoyen ulishinda yote, kwa sababu ulikuwa mbovu kuliko yote. Koko, mama yake Papa, alipokuja kututembelea kutoka Nyangezi na kuusikia, alisema debe tupu haliachi kuvuma. Maman akamwomba aseme polepole.

Sikukuu ya chama ilipokaribia, Citoyen aliamuru gari lipakwe rangi upya, kijani cha bendera. Rangi tu. Milango hakuitaja. Lakini ili kupaka rangi sharti milango itolewe, na Papa alipoitoa akaiona mbele yake juu ya meza, na bawaba zile zimelika, nadhani alimsikia Mugiriki. Hakuna aliyemwomba. Nakuambia tena, hakuna aliyemwomba, na hilo ndilo kosa lake lote.

Nilimwona akifanya kazi ile kwa majuma matatu, kila adhuhuri, mchuzi ukipoa. Vipuri havikuwepo, basi alivitengeneza. Pini za bawaba alizichonga kutoka kwenye chuma cha injini ya lori iliyokufa. Pale palipokuwa na nafasi, aliweka vipande vya bati la makopo ya sadini, vilivyokatwa kwa mkasi wa Maman, na Maman aliutafuta mkasi ule majuma matatu. Mpira wa lori aliutupa, akakata mwingine mwembamba kutoka kwenye chambre à air, mpira wa ndani wa tairi, akaushona kona kwa mkono. Kisha akapaka mpira chaki, akafunga mlango, akafungua, akatazama chaki imegusa wapi na wapi haikugusa. Pasipogusa aliongeza, palipogusa sana alinyoa kwa wembe. Gashi alilisogeza unywele kwa unywele.

Mwisho alinionyesha jambo la karatasi. Alikata ukanda wa gazeti, akauweka kati ya mlango na mwili wa gari, akafunga, akaniambia nivute. Alinieleza kwamba karatasi ikianguka, mlango umelegea na mvua itaingia. Ikichanika, mlango umebana na siku moja utavunja kioo. Inatakiwa itoke kama mkono unavyotoka kwenye mkono wa mtu anayekuaga. Tulizunguka mlango mzima tukivuta, juu, kando, chini, na kila mahali karatasi ilitoka vilevile. Kisha akafungua kioo kidogo ili hewa ipate njia, akasukuma mlango kwa vidole viwili. Ulijifunga kwa sauti ndogo, kama mtu anayekubali kwa kinywa kilichofumbwa. Papa alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa bidhaa adimu kuliko sukari. Akasema, "Mulango yenye inalia haijafungwa. Imepigwa."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na siku hiyo nilitaka kuwa tôlier.

Jumapili Citoyen alipanda na gari lake jipya. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi nikimtazama kupitia mlango wa kanisa, kwa sababu nilitaka kuona uso wake akitambua zawadi aliyopewa. Alishuka, akautupa mlango kama kawaida yake, na mlango haukusema kitu. Akasimama. Akaufungua, akautupa tena. Kimya. Akaingia kanisani na mke wake nyuma, viatu vipya vikilia kwenye sakafu, na hakuna kichwa kilichogeuka. Mama mmoja hata hakusogea kumpisha kwenye benchi, mpaka alipoguswa bega.

Jumatatu alimwita Papa mbele ya mafundi wote. Haya niliyapata kwa sentinelle wa gereji, mzee aliyelinda lango, ambaye hakuweza kunyima mtu habari. Kwanza Citoyen alidai kwamba chuma kimetolewa ndani ya milango kikauzwa, ndiyo maana haina sauti. Papa akafungua mlango, akamwonyesha ndani, hakuna kilichopungua. Basi Citoyen akaona haya, na mtu wa namna ile akiona haya anakuwa mbaya. Akasema, "Watu hawajuake tena kama nimefika. Rudisha vile ilikuwa." Papa akamjibu, "Citoyen, mie nilijifunzaka kutengeneza. Kuharibu sikujifunzaka." Akapewa mpaka Ijumaa. Ama milango ilie, ama funguo ya kabati la vyombo vya kazi ibaki mezani, na yeye atafute pa kunyoosha bati.

Ile wiki nyumbani kwetu mtu aliweza kusikia panya akitafuna. Maman hakuwa mwanamke wa kelele, lakini jioni ya Jumanne nilimsikia akimsihi Papa kwenye ua, akichambua mboga za lengalenga bila kuzitazama. Alimwambia ni vyuma, si mtoto wake. Alimwambia gereji nyingine zote zimepewa watu kama huyu, atakwenda wapi? Papa alisema amekwisha kufanya kazi ile na haiwezi kurudishwa nyuma. Ndipo Maman alipotaja jina langu. Alisema kama ni hivyo basi mimi mwisho wa mwezi nitakwenda Nyangezi kwa Koko, nikalime, nafasi yangu kwa masista apewe mtoto mwingine, wabaki wale wadogo. Papa akasema, "Kama ni vile, ni vile."

Koko nilimpenda. Nyangezi niliipenda pia, wakati wa likizo, na ndizi zake na baridi yake. Lakini nilikuwa wa kwanza darasani, na sista alikuwa ameniahidi kwamba mwaka unaofuata nitaanza sekondari. Usiku huo nililia ndani ya blanketi, na sikumlilia Papa. Nilijililia mwenyewe. Nataka ulijue hilo kabla hujanihurumia.

Alhamisi adhuhuri nilishuka na chakula. Mafundi walikuwa wamekwenda kula, sentinelle amelala kwenye kiti chake. Papa aliniambia ana mtu wa kumwona kuhusu kazi, nimngojee na beseni la chakula. Nilimtazama akitoka langoni, shati lake la Jumapili ndani ya suruali ya kazi, na nikabaki peke yangu na lile gari.

Nilijua nifanye nini. Alikuwa amenifunza mwenyewe. Nilichukua turnevis yake kubwa, bisibisi ya mpini wa mbao, nikalegeza skrubu za gashi, mlango wa dereva kwanza. Mkono wangu haukutosha nguvu, nikausaidia kwa goti. Nikalisogeza gashi kuelekea ndani, kisha nikakaza. Lakini lilikuwa linacheza, halikai, na sikuwa na bati la sadini. Nikafungua mkoba wangu wa shule, nikachana ukurasa wa kaye yangu, daftari la imla, nikaukunja mara nne, nikausukuma nyuma ya gashi na kukaza tena. Likatulia. Mlango wa pili sikuhitaji karatasi. Nilifuta mikono kwa majani, nikakata ukanda wa gazeti nikajaribu. Ilinilazimu kurudi hatua moja nyuma na kuutupa mlango kwa mwili wote. Sentinelle aliruka kwenye kiti chake akauliza patron amefika saa ngapi. Nikavuta karatasi, ikachanika mkononi mwangu.

Papa aliporudi alikula kidogo, akaniambia mchuzi ni mzuri. Yule mtu hakuwa na kazi.

Ijumaa alitoka na funguo ya kabati mfukoni akiwa amenyoa ndevu, kama mtu anayekwenda mazishini. Jioni alirudi nayo. Alisema neno moja, "Nimebaki," akaenda kunawa. Maman alipiga magoti palepale jikoni akamshukuru Bikira, kisha akamkamata kuku. Sisi watoto tulipigania paja. Papa alikula kichwa chini, na mimi nilimtazama nikingoja furaha inijie, nikajiambia labda itakuja kesho.

Ilikuja Jumapili, kwa wengine. Pa! Na pa! Parokia nzima iligeuka, mtu fulani hata akacheka kwa kufarijika, kwamba dunia imerudi mahali pake. Baada ya misa Citoyen alimshika Papa bega mbele ya watu, pale kwenye ngazi, na kwa ile sauti yake ya nne iliyofika mpaka chini sokoni akatangaza, "Muone huyu. Huyu njo fundi mwenye anasikiaka." Watu wakapiga makofi. Papa alisimama na kofia mkononi. Angeweza kusema si mimi. Lakini kama si yeye, ni nani basi? Ni nani mwingine aliyeingia pale na kujua skrubu zile? Niliyaona macho yake yakitembea polepole juu ya watu, juu ya mafundi wenzake, yakashuka, yakanifikia. Nikajifanya nafunga kiatu.

Jumatatu nilimkuta gari liko mbele yake, mlango wa dereva wazi, gashi limetolewa. Niliweka beseni chini. Hakunikaripia, wala hakuinua sauti. Alinyoosha mkono, na mkononi kulikuwa na ukurasa wangu, umekunjuliwa, una mafuta, una tundu za skrubu katikati ya imla ya Kifaransa na alama nyekundu ya mwalimu, tisa juu ya kumi.

"Chukua ukurasa yako," alisema. "Mwalimu atakuuliza."

Alichukua kipande cha bati la sadini, akakikata kwa kipimo cha karatasi yangu, akakiweka mahali pake, na mbele ya macho yangu akalikaza gashi palepale nilipoliweka mimi. Alikuwa na nafasi ya kulirudisha. Hakulirudisha, maana angelirudisha ningekwenda Nyangezi. Aliuchukua uharibifu wangu akaufanyia kazi nzuri, ili udumu. Mikono yake ilifanya vile polepole, kwa uangalifu uleule, na nilitamani anipige. Wenzangu walipigwa kwa makosa madogo zaidi, wakalia, yakaisha.

Kuanzia siku hiyo chakula kilipelekwa na mdogo wangu. Papa alisema mimi nina masomo.

Nilisoma, rafiki yangu. Nilisoma mpaka mwisho, nikapata ofisi, mashine ya kuandikia, baadaye kompyuta, nikahamia mbali. Kila cheti nilichokileta nyumbani Papa alikishika kwa ncha za vidole asikichafue, akasoma kila mstari, akanirudishia. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikaa miaka yote nikingoja ule mshindo, na haukuja.

Na unajua gereji ile ilidumu muda gani baada ya hapo? Miaka mitatu tu. Citoyen aliuza mashine ya kuchomelea, akauza kompresa, akauza bati za paa upande mmoja, mafundi wakaondoka mmoja mmoja kwa kukosa cha kushika. Gari la kijani lilibaki uani bila magurudumu, kuku wakatagia kwenye viti. Jumba la kwenye rasi lilikwenda kwa mkubwa mwenzake, na Citoyen alirudi kuimba sauti ya nne, kwa miguu, bila mtu kugeuka. Papa aliishia soko la Kadutu akikata mapipa na kutengeneza mbabula, yale majiko ya mkaa. Mbabula zake zilikuwa nzuri, vimlango vyake vya kutolea majivu vilijifunga kwa kidole kimoja, na wanawake walilipa bei ileile waliyolipa kwa zile mbovu. Hapo nilielewa kwamba tuliuza kitu ambacho hakikuwa na bei, na tukauza kwa miaka mitatu tu.

Mara ya mwisho nilipomwona hai nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha. Nilikuwa na maneno yote. Alikuwa amelala, amepungua sana, na mlango wa chumba ulikuwa ukigongagonga kwa upepo. Akaniambia, "Inua kidogo, halafu sukuma." Nikainua, nikasukuma, ukajifunga. Akafumba macho. Nikafikiri, nikimwomba msamaha sasa, atalazimika kusema kwa mdomo wake kwamba alikula mkate wa mlango ule miaka mitatu huku akipongezwa kwa kazi ambayo angekufa kabla ya kuifanya. Nikanyamaza. Sijui kama nilimhurumia yeye au niliogopa tena, kama nilivyoogopa Nyangezi.

Teksi ilinifikisha Kadutu, mwisho wa barabara, pale njia ya mguu inapoanza. Sokoni hakuna tena anayekata mapipa, mbabula zinatoka kiwandani. Nchi haiitwi Zaïre, mimi nimerudishiwa jina langu la ubatizo na silitumii. Watoto wa siku hizi hawageuki kwa gari, labda kwa pikipiki. Nilishuka, nikatoa mzigo wangu, nikageuka ili niufunge ule mlango kama nilivyofunzwa.

Lakini kijana alikuwa amekwisha kuzunguka, akanisogeza kwa upole. "Acha, maman, usichoke," alisema, na akaupiga kwa nguvu zake zote. Mlio ulipanda mlima, ukagonga nyumba zote, na huko juu, kwenye nyumba yetu ya zamani, watu walitoka nje wakainama kutazama ni mkubwa gani amefika.

Nilikuwa ni mimi.